Mlinzi wa Mwangwi

Nyumbani
Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu Mlinzi,

Kisanduku ulichonitumia cha kulitilia gitaa mwangwi kimefika, na hakina hata mkwaruzo. Mama yako alikwenda kukichukua ofisi ya mizigo mwenyewe, akamkatalia kila aliyetaka kumpokea mzigo. Sasa kiko juu ya meza yangu ya kulia chakula na mimi nakula kwa kupakata sahani.

Nimeanza kusoma kitabu cha maelezo. Kina kurasa tisini na sita, nami nimefika ya nne. Usinicheke. Bendi yetu, tangu Tarumbeta, mpulizaji wetu, achukue uongozi, imekuwa kama shule. Sasa amepitisha kwamba amplifaya hazipandi tena jukwaani. Kila mpigaji achomeke chombo chake moja kwa moja kwenye meza ya fundi mitambo, sauti itoke kwenye spika kubwa za ukumbi basi. Jumapili ya tarehe 28 Aprili tutasikilizwa mmoja mmoja kwa mtindo huo mpya. Asiyeuweza atamwachia mwingine kiti. Kiti changu nimekikalia miaka thelathini na moja, mwanangu, na sina nia ya kukipasha moto kwa ajili ya mtu mwingine. Ng'ombe hazeeki maini.

Basi nikakiwasha. Mle ndani nikakuta mwangwi wa aina nyingi kuliko ndugu wa mama yako. Nikachagua miwili, mmoja unaitwa Ukumbi na mwingine Chumba. Nikaupanga Ukumbi mbele na Chumba nyuma yake, nikisema nitapata utamu mara mbili. Kilichotoka ni gitaa linalopigwa ndani ya pipa la maji, na pipa lenyewe limefunikwa blanketi.

Uliniomba kila barua nikunakilie namba zilizo kwenye kioo cha kisanduku, uziweke kwenye hicho kingine, pacha wake, ulichobaki nacho. Haya: Ukumbi 7, Chumba 6, besi 4, trebo 7.

Simu usihangaike nayo, siku hizi inakwaruza tu. Barua ina heshima yake, mtu anaisoma mara tatu. Mama yako hajambo, ila ameanza tabia ya kunong'ona, na ukimwambia aseme kwa sauti anasema amesema kwa sauti. Na wale ndege waliokuwa wakitupigia kelele dirishani asubuhi wamehama mtaa. Nadhani wamemchoka paka wa jirani.

Baba yako,
Solo


Ghorofa ya nne, chumbani kwangu
Jumanne, 12 Machi

Baba yangu mpendwa,

Nimecheka hadi mpangaji wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Kula kwa kupakata sahani! Mwambie Mama nasema asikutilie mchuzi mwingi.

Nimeziweka namba zako kwenye kisanduku changu, na pipa la maji nimelisikia. Kosa si lako, ni la kisanduku kukuruhusu. Umeipanga miangwi yako kwa mfululizo. Maana yake sauti yote ya gitaa inaingia Ukumbi, inatoka imelowa, kisha hiyo hiyo iliyolowa inaingizwa Chumba ikalowe tena. Hakuna hata noti moja iliyobaki kavu. Ukipunguza Chumba, Ukumbi utakuwa umeshaimwagia maji.

Iweke sambamba. Bonyeza kitufe cha upande wa kulia mpaka kioo kikuonyeshe mstari mmoja mrefu wenye visanduku vidogo. Ule mstari ugawe njia tatu. Ya juu iache tupu, gitaa lipite kavu. Ya pili weka Ukumbi, ya tatu Chumba. Mwishoni zinakutana, na wewe unaamua kila njia ichangie kiasi gani. Hakuna inayomwaga maji kwenye njia ya mwenzake.

Na tafadhali, Baba, usijifanye jambo hili ni geni kwako. Nani alikuwa na amplifaya mbili? Moja jukwaani, ikipiga kavu. Ya pili ndani ya choo cha wanaume cha ukumbi ule wa dansi la mchana, imewekwa juu ya kreti, na kipaza sauti kinaning'inia kwenye msumari wa taulo kuchukua mwangwi wa vile vigae. Fundi anachanganya zote mbili, na watu wanauliza huyu bwana solo yake anaitoa wapi. Hiyo ndiyo sambamba. Ulikuwa nayo kabla kisanduku hiki hakijabuniwa.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni, kazi yangu kuwazuia waheshimiwa wasiingie mpaka solo iishe. Mzee mmoja alinipa peremende nimpitishe. Nikaila peremende na sikumpitisha. Unakumbuka ile Jumapili niliyokwenda kununua soda, mtu akaingia akavuta maji katikati ya solo? Wacheza dansi walipiga makofi, wakadhani ni mbwembwe zako. Ndipo ukaniita Mlinzi, kwa kunisuta, na jina likaganda.

Sasa niseme lililo moyoni, maana kwenye karatasi hunikatizi. Siku ya kuondoka, pale stendi, nilikwambia dunia imeacha kupigia gitaa chooni na kwamba sauti yako imezeeka. Nilikuwa na uchungu kwa sababu ulitaka nibaki kwenye bendi, nami nilishaipata kazi hii ya studio. Miezi saba sasa kila nikipiga simu Mama anasema uko uani. Baba, uani kuna nini? Mara ya mwisho ulipopokea nilikwambia nimelazwa na homa, ukanijibu, "Vizuri sana, endelea hivyo hivyo," ukampa Mama simu. Nikajua bado umenikasirikia. Kisanduku nimekutumia kama radhi. Nipokelee.

Mwanao,
Mlinzi


Nyumbani
Alhamisi, 21 Machi

Mlinzi wangu,

Umeniaibisha vizuri. Nimekaa na barua yako na kile kioo asubuhi nzima, mama yako akinisomea na mimi nikibonyeza, tukagombana mara mbili, na saa sita njia zikawa tatu. Maji yamekauka. Noti inasimama yenyewe na mwangwi unaifuata kwa nyuma kwa adabu, kama zamani. Mama yako alipita na beseni la nguo akasimama akasema, "Choo kile." Kwa nyumba hii hiyo ni sifa.

Kumbe nimeishi na sambamba miaka yote hiyo bila kujua jina lake. Sasa nawatambia wenzangu. Nimemwambia mpiga besi kwamba mimi ni mtu wa sambamba, akaniuliza ni dini gani.

Lakini blanketi halijaondoka. Gitaa bado limefunikwa, hasa nyuzi nyembamba. Nimepandisha trebo. Namba za leo: njia kavu 8, Ukumbi 4, Chumba 3, besi 3, trebo 9.

Mazoezini tuna fundi mitambo mpya, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, mkimya. Kila nikianza solo anakunja uso na kujishika shavu. Nadhani anaumwa jino, nikamshauri karafuu. Tarumbeta naye anasema gitaa langu linakata. Nikamwambia kisu kizuri hukata. Akaniambia punguza, nikamwambia sawa. Yule bwana ana wivu wa mdomo tu.

Juzi nusura baiskeli inigonge nyuma ya soko. Siku hizi watu hawapigi kengele kabisa, malezi yamekwisha.

Ya stendi nilishayafuta. Mtoto akimwambia baba yake kazeeka, amesema kweli kidogo na utovu wa adabu kidogo, na vyote viwili nilivileta mimi. Kuhusu simu, nimekwishakwambia, simu ni mbovu. Niandikie tu. Mkono wako naupenda, hasa ile herufi ya mwisho unayoivuta.

Baba yako,
Solo, mtu wa sambamba


Ghorofa ya nne
Ijumaa, 29 Machi

Mama yangu,

Barua hii ni yako peke yako, ndiyo maana nimeipitisha kwa yule jirani yako mshonaji. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu utanidanganya kwa upole kama ulivyonidanganya habari ya uani. Kwenye karatasi huwezi. Nakujua.

Juzi nilipotoka kazini niliziweka namba za Baba kwenye kisanduku changu, zote kama alivyoandika, nikavaa hedifoni, nikapiga uzi wa kwanza. Nilizivua kwa mikono miwili. Ilikuwa kama uma unakwaruza sahani ndani ya kichwa changu. Nikadhani nimekosea kusoma, nikarudia. Hapana. Trebo ndiyo zile sauti nyembamba za juu, Mama, na Baba ameziongeza kutoka saba hadi tisa, kisha anasema gitaa limefunikwa blanketi.

Kazi yangu ni kusikiliza. Siku nzima nakaa kwenye kijichumba chenye godoro ukutani nikisikiliza watu wakisoma matangazo, nikiwaambia herufi gani haikutoka. Nikazitoa barua za Baba nikazisoma upya, si kwa alichoandika bali kwa alichosema hakipo. Simu inakwaruza. Wewe unanong'ona. Baiskeli hazina kengele. Fundi anaumwa jino.

Nijibu jambo moja tu. Wale ndege wa dirishani, wamehama kweli?

Mwanao


Nyumbani
Jumatano, 3 Aprili

Mwanangu,

Ndege wapo. Asubuhi hii walikuwa saba.

Aliniapisha nisikwambie, na sijakwambia. Nimekuhesabia ndege tu.

Mama


Ghorofa ya nne
Jumamosi, 6 Aprili

Baba yangu,

Nimeianza barua hii mara nne. Mara zote nimeanza na kisanduku, na mara zote nimejiona ninazunguka mbuyu. Basi acha niseme. Masikio yako yanakuacha, Baba. Zile sauti za juu ndizo zimetangulia, na wewe umekuwa ukizifuata kwa kitufe cha trebo.

Hakuna aliyeniambia. Namba zako mwenyewe zimeniambia, zile ulizonakili kwa uaminifu, barua baada ya barua.

Nimelia, sikufichi. Nimelia kwanza kwa sababu ya masikio, maana najua gitaa kwako ni nini. Kisha nimelia kwa miezi saba niliyokaa nikiamini kwamba baba yangu hataki kuisikia sauti yangu. Ulikuwa huwezi. Ungeniambia, Baba. Ningekuja.

Wasiwasi wako naufahamu. Tarumbeta akijua, kiti kimekwenda. Ndiyo maana unatabasamu wanapokuambia punguza. Lakini sikia, ukipanda jukwaani tarehe 28 na trebo 9, watu watajishika mashavu ukumbi mzima, na kiti kitakwenda kwa jambo usilolijua hata limetokea. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mpiga solo huumbuliwa na spika.

Kuna njia, na kwa hili nategemea akili yako ya choo. Kisanduku hiki kina matundu mawili ya kutolea sauti, na si lazima yatoe kitu kimoja. Ligawe gitaa mwanzoni kabisa, kabla ya mwangwi wowote. Njia ya kwanza iende kwa fundi mitambo: kavu 8, Ukumbi 4, Chumba 3, besi 4, trebo 5. Hizo nimezipima kwa masikio yangu, na hapo itabidi uniamini. Njia ya pili iende kwenye hedifoni zako tu: mwangwi sifuri, trebo 10. Hiyo pima mwenyewe, panda hadi uzi wa kwanza uufikie. Njia hizi hazikutani popote. Watu watasikia gitaa lao na wewe utasikia lako, na litakuwa gitaa hilo hilo, vidole hivyo hivyo.

Ila mambo mawili. Nenda hospitali ukapimwe, na Mama aende nawe. Na kabla ya kuchomeka waya hiyo Jumapili, mwambie Tarumbeta ukweli. Yule mama wa mitambo pia. Hedifoni huwezi kuzificha kama ulivyoficha mengine.

Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini uniandikie.

Mwanao anayekupenda,
Mlinzi


Nyumbani
Alhamisi, 11 Aprili

Binti,

Barua yako nimeipata. Masikio yangu ni mazima. Nimekuwa nikisikiliza muziki tangu kabla mama yako hajawaza kukuzaa. Sikio halizidi kichwa, wala mtoto hamzidi baba.

Hali ya hewa huku ni nzuri.

Baba yako


Nyumbani
Jumatatu, 22 Aprili

Mlinzi,

Futa barua ile. Sijui kama barua inafutika, lakini wewe ni mtu wa mitambo, tafuta kitufe.

Nilipoipeleka posta nilirudi nikakaa na hasira yangu siku mbili. Siku ya tatu niliamka mapema, mama yako bado amelala, nikakaa dirishani na kikombe changu. Kulikuwa na ndege kwenye waya. Niliwahesabu, walikuwa saba. Nikawatazama wakifungua midomo. Wanafungua, wanafumba, wanafungua, na nyumba yangu iko kimya kama haina watu. Nikaweka kikombe chini, nikamwamsha mama yako, nikamwambia tuvae.

Hospitali walinifungia kwenye kijichumba chenye godoro ukutani. Nikawaza kwamba mwanangu anafanya kazi mahali kama hapa. Daktari akanivisha hedifoni, akanipa kitufe, akasema nikisikia filimbi nibonyeze. Nikabonyeza, nikabonyeza, kisha nikakaa nikisubiri filimbi nyingine. Nikasubiri sana. Nikadhani amekwenda kunywa chai. Nikatazama kwenye kioo, yupo, anazungusha vitufe vyake, na hanitazami usoni. Ndipo nikaelewa kwamba filimbi zinalia.

Wamenipa karatasi yenye mstari. Upande wa kushoto, kwenye besi, unatembea vizuri tu. Ukifika kulia unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Daktari akaanza kunieleza kwa mifano, nikamwambia, dada, hiyo ni ramani ya trebo, naielewa. Mwezi ujao nitawekewa vifaa vya masikioni. Amesema amplifaya za miaka thelathini na moja ndizo zilizoniharibu. Nilizipenda mno kuzisema vibaya mbele ya mgeni.

Sasa habari ya simu. Nilikuwa nakusikia, usidhani nilikuwa sikusikii kabisa. Nilikuwa nasikia sauti yako, na kwamba ni wewe, lakini maneno hayakuwa na meno. Nikawa naotea. Ukisema maneno mengi nasema "vizuri sana". Ukinyamaza nasema "endelea hivyo hivyo". Siku ile nilimpa mama yako simu nikarudi kwenye gazeti langu, yeye akazungumza nawe, akakata, akaja akasimama mbele yangu. Akaniambia mtoto amelazwa. Mtoto amelazwa peke yake mji wa watu, na mimi nimempongeza.

Tangu siku hiyo sijaigusa simu. Niliona afadhali unione nina kinyongo kuliko nikupongeze tena kwa jambo la namna ile. Baba mwenye hasira mtu anamzoea. Huo ulikuwa ujinga, na nimekuwa mjinga nao miezi saba. Nisamehe, mwanangu. Wewe uliomba radhi kwa maneno ya stendi, na kumbe mdaiwa radhi nilikuwa mimi.

Njia mbili nimezitengeneza, safari hii bila kugombana na mama yako. Ya hedifoni nimepandisha trebo hadi 10 na uzi wa kwanza umerudi. Ni mwembamba na umechoka, lakini ndio wenyewe, naufahamu. Nilipiga ule wimbo wa mwisho wa dansi hadi vidole vikauma.

Bado Tarumbeta. Hilo naliogopa kuliko hospitali. Hospitali hawana kiti changu.

Baba yako,
Solo


Ghorofa ya nne
Alhamisi, 25 Aprili

Baba,

Naituma hii kwa dereva wa basi ili ikuwahi, usije ukapanda jukwaani bila neno langu.

Umesamehewa tangu mstari wa pili. Homa ile ilikuwa ya siku tatu, na muuguzi wa zamu alikuwa mcheshi, sikuwa mpweke kama ulivyowaza. Karatasi ya hospitali mwonyeshe yule mama wa mitambo. Ramani ya trebo ataisoma kwa haraka kuliko Tarumbeta.

Kama kiti kitakwenda, kitakwenda ukiwa umekikalia kwa ukweli. Lakini mimi nimekulinda mlango miaka minne, najua kinachotokea solo ikianza. Usimwache mtu yeyote akuvutie maji katikati.

Jumapili saa tisa nitazima kila kitu studio na kukaa kimya mpaka mmalize.

Mlinzi


Nyumbani
Jumatatu, 29 Aprili

Mlinzi wangu,

Nianze na kiti ili usiruke mistari: kipo.

Sasa nikueleze. Nilifika mapema. Tarumbeta alikuwa anafuta chombo chake, yule mama wa mitambo anafungua waya. Nikawaita wote wawili, nikasimama kama siku ya kuposa. Nikawaambia sauti za juu sizisikii tena, na karatasi hii hapa. Tarumbeta akaitazama karatasi upande mmoja, akaigeuza, akaitazama upande usio na kitu. Akasema, "Kumbe." Kisha akasema, "Mwaka mzima nakwambia punguza, wewe unatabasamu na kuongeza. Nilidhani unanidharau. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu mzee huyu ananidharau." Nikamwambia, "Sikuwa nakudharau, nilikuwa sikusikii." Akakaa chini kwenye kiti changu, mwanangu, akajifuta uso na kile kitambaa cha tarumbeta. Mimi naye tumefanya kazi pamoja miaka kumi na minane na kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake.

Yule mama wa mitambo alikuwa ameshaisoma karatasi. Akachomeka njia ya kwanza kwenye meza yake, akasikiliza, akaniuliza nani amepanga hivi. Nikamwambia binti yangu. Akasema, "Huyo anajua kazi." Nimeiandika kama alivyoisema. Jino lake, kumbe, halijawahi kumuuma.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Sikusikia walichosikia watu, na hilo ni jambo geni, kupiga kitu na kuwaachia wengine wakisikie. Nilikuwa nacho changu masikioni, kikavu, kichungu, na nilikuwa nawatazama miguu wale waliokaa mbele. Solo ilipoingia miguu ikaanza kutikisika. Basi nikajua mwangwi umefika. Wimbo wa pili niliuharibu. Mwimbaji aliniita na mimi sikumsikia, nikaingia nimechelewa, wakalazimika kurudia. Nilifumba macho nikisubiri kuambiwa asante tumesikia. Mwimbaji akasema kuanzia leo atainua mkono. Tarumbeta akasema, basi mhamisheni kiti, akae upande wa kushoto anakouona mkono. Wakakihamisha, na hayo ndiyo yakawa maamuzi ya kikao. Mpiga besi akaniuliza kama waumini wa sambamba wanaruhusiwa kukaa kushoto.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nishike kalamu kabla ya chai.

Jana jioni nilimpelekea fundi redio wa mtaani ile simu, nikamwomba anichomelee waya unaotoka kwenye simu kuingia kwenye kisanduku, pale penye tundu la gitaa. Akaniuliza mzee unataka kuipigia simu solo. Leo asubuhi mama yako akaenda kwa mshonaji akanipigia kutoka huko. Nilikaa na hedifoni, kisanduku mbele yangu, nikapandisha trebo polepole. Saba, nane, tisa. Kwenye kumi nikamsikia anasema chumvi imekwisha na mimi ndiye niliyeimaliza. Neno zima, na meno yake yote. Nilimwomba arudie. Akadhani bado sisikii, akarudia kwa ukali, na nikamwomba tena.

Namba nakunakilia kama kawaida: Ukumbi 0, Chumba 0, besi 2, trebo 10. Njia ni moja tu, kavu, haipiti popote. Kisanduku kikauliza mpangilio huu niuhifadhi kwa jina gani. Nimeandika MLINZI.

Jumapili hii saa kumi alasiri nitakuwa nimeketi mezani na mama yako amepakata sahani. Piga. Uani hakuna mtu.

Na ukipiga, anza na ile habari ya kulazwa, tangu mwanzo, kama vile hukuwahi kuniambia. Safari hii nitakujibu.

Baba yako,
Solo